Harufu iliyokuja na mshahara: kisa cha petroli ndani ya Corolla

Mwalimu alifika gerejini kwangu Tabata Jumamosi moja katikati ya Februari, vioo vyote vinne vikiwa chini. Joto la Februari la Dar es Salaam halihitaji kuelezwa, na AC ya gari lake ilikuwa nzima. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na kabla sijamsogezea kiti akasema, "Fundi, mimi sikuja kutengeneza. Nimekuja uniambie kama niliuze."

Gari lenyewe ni Toyota Corolla, ile tunayoiita NZE tu: bodi ya NZE121, injini ya 1NZ-FE ya cc 1,497, tangi la lita 50. Lilitoka Japani limeshatumika, kama karibu kila gari linalopita mbele ya gereji yangu. Shida yake ilikuwa kunuka petroli ndani. Si harufu ya moshi wala ya oili inayoungua. Petroli mbichi, kana kwamba mtu ameimwaga kwenye kapeti. Siku nyingine inakaba koo, siku nyingine haipo kabisa. Ilianza mwishoni mwa Novemba. Mjukuu wake wa miaka sita, anayekaa siti ya nyuma asubuhi wakienda shule, alishatapika mara mbili humo garini, na nyumbani wakaamua kwamba mtoto hawezi safari.

Mafundi watatu walikuwa wamenitangulia. Wa kwanza alifungua boneti, akanusa, akasema ni nozeli, zile zinazopulizia petroli kwenye injini. Akazitoa zote nne, akazisafisha, akaweka oringi mpya. Harufu ikakata, baada ya wiki mbili tatu ikarudi. Wa pili akamuuzia kofia mpya ya tangi. Ikakata, ikarudi. Wa tatu hakufungua kitu. Alisema sheli anayonunulia wanachakachua, ahame. Mwalimu akahama sheli. Ikakata, ikarudi.

Nikashikwa na hiyo "ikakata, ikarudi". Dawa tatu zisizofanana hata kidogo, na ugonjwa unazijibu zote kwa jibu moja: unatulia siku kadhaa halafu unaamka. Basi hakuna hata dawa moja iliyougusa. Ugonjwa ulikuwa na ratiba yake, na mafundi walikuwa wanapishana nao njiani.

Niliingiza kichwa ndani ya gari nikavuta pumzi. Hakuna kitu. Nikanusa kijiti cha oili, kwa sababu petroli ikivuja kupitia nozeli mbovu huishia kwenye oili na kijiti kinakwambia. Kilinuka oili tu. Nikamwambia ukweli kwamba leo gari halinuki.

"Si ndiyo hiyo!" akasema. "Nikilileta kwa fundi halinuki. Mpaka nikaanza kujiuliza kama ni mimi."

Nikatazama geji. Mshale ulikuwa chini ya nusu.

Hapa lazima nieleze jinsi ninavyofikiri kuhusu harufu ya mafuta, kwa sababu kosa la wenzangu watatu halikuwa la spana. Gari la petroli lina sehemu mbili za mafuta zenye tabia tofauti. Kuna upande wa presha: kuanzia pampu iliyo ndani ya tangi, kupitia bomba linalopita chini ya gari, hadi kwenye reli ya nozeli. Kwenye 1NZ-FE presha hiyo ni kati ya kilopaskali 304 na 343, yaani zaidi ya mara tatu ya presha ya hewa tunayovuta. Ufa ukitokea huko, petroli inatoka kila injini inapowaka, tangi likiwa limejaa au limebaki lita tano. Haichagui siku. Kisha kuna upande wa mvuke: sehemu ya juu ya tangi, shingo ya kujazia, na mpira unaopeleka mvuke kwenye kopo la mkaa, linaloushika ili baadaye injini iuvute na kuuchoma. Huku hakuna presha ya maana. Huku kinachoamua ni kina cha mafuta, joto la mchana na jinsi mafuta yanavyochezacheza ukikata kona. Harufu inayokuja na kuondoka mara nyingi ni ya upande huu wa pili. Fundi anayekimbilia nozeli bila kuuliza "inanuka lini?" anakuwa ameshachagua upande wa kwanza kabla ya mgonjwa kusema neno.

Nikamuuliza Mwalimu inanuka lini. Akasema hawezi kukumbuka. Lakini mwalimu ni mwalimu: kwenye kidroo cha dashibodi alikuwa na risiti zake zote za mafuta, zimefungwa kwa mpira wa manjano, na kwenye simu alikuwa na ujumbe aliomtumia mdogo wake kila alipochoshwa na hilo gari. Tukaketi chini ya mkungu, yeye anasoma tarehe za ujumbe, mimi nasoma tarehe za risiti. Novemba 25, lita 38. Novemba 26 asubuhi: "Gari linanuka mafuta, kichwa kinaniuma." Desemba 23, lita 41. Desemba 24: "Limeanza tena." Januari 27, lita 36. Siku hiyohiyo jioni: "Nitaliacha barabarani hili." Katikati kulikuwa na risiti ndogondogo za lita 7, lita 10, na siku hizo hakumlalamikia mtu.

Alinyamaza kidogo akizitazama, kisha akacheka. "Kumbe linanuka nikipata mshahara."

Hesabu yake inakubali. Anaishi Kimara, anafundisha Kibamba, kwenda na kurudi kama kilomita 25 kwa siku. Kwa ulaji wa kilomita 12 kwa lita, anatumia lita mbili na chembe. Tangi likishuka lita kumi na tano au ishirini hivi, siku kama nane za kazi zimepita, na harufu imekwisha. Ikikata, anakuwa ameshapeleka gari kwa fundi, na fundi anapewa sifa. Sidhani hata mmoja wao alikuwa tapeli. Nozeli zilisafishwa kweli, na oringi za umri ule zilistahili kubadilishwa. Walipewa tu gari katika siku zake njema.

Swali moja likabaki: kwa nini Novemba? Gari analo miaka minne. Nikauliza kama kuna mtu aliyewahi kugusa tangi. Akasema hapana, hakuna. Nikauliza kwa namna nyingine: gari limewahi kumzimikia njiani? Ah, hilo ndiyo, Mei, pale Mbezi mwisho, pampu ya mafuta ilikufa, fundi akaja na kuiweka mpya palepale kando ya barabara hadi saa mbili usiku. Kwa wateja wengi "pampu" na "tangi" ni vitu viwili tofauti, na ukiuliza kimoja huambiwi kingine. Pampu ya NZE imo ndani ya tangi, na njia ya kuifikia ni kupitia chini ya siti ya nyuma.

Lakini Mei hadi Novemba ni miezi sita. Kama fundi wa pampu ndiye aliyeacha tatizo, lilijificha wapi miezi yote hiyo? Mwalimu akanipa jibu bila kujua kwamba ananijibu. Kuanzia mwaka jana alikuwa akikatwa mkopo wa SACCOS, na mafuta alikuwa akiweka ya elfu ishirini, elfu thelathini, anavyojaliwa. Makato yaliisha Oktoba. Mshahara wa Novemba ulipotoka mzima, akaenda sheli, akamwambia kijana wa pampu ajaze mpaka shingoni. Lilikuwa tangi lake la kwanza kujaa tangu pampu ibadilishwe.

Kufikia hapo nilikuwa na mshukiwa, ila mshukiwa wa risiti na mazungumzo hatoshi kufungulia siti. Nilitaka kuinusa mwenyewe. Tukaenda sheli ya jirani, nikajaza lita 27 hadi mkono wa pampu ukajikata, halafu nikaongeza kidogo kama anavyofanya yeye. Mshahara wake ulikuwa bado, kwa hiyo mafuta hayo nilimkopesha, jambo ambalo mke wangu analikumbusha mpaka leo.

Tulitoka na barabara ya Mandela kuelekea Ubungo. Kilomita ya kwanza, kimya. Kwenye mzunguko wa kurudi, gari lilipolala upande mmoja, ikaja. Haikuhitaji pua ya mbwa. Hapo nikafanya jaribio ambalo halina gharama na ambalo nashangaa halifanywi mara nyingi. Nilifunga vioo vyote, nikaweka feni namba ya juu, nikafungua kitufe cha hewa ya nje. Hewa ya nje huingilia chini ya kioo cha mbele, karibu kabisa na boneti. Kama mafuta yanavuja kwenye injini, kufanya hivyo kunaongeza harufu. Kwetu ilipungua. Kisha nikabonyeza kitufe cha hewa kuzunguka ndani kwa ndani. Chini ya dakika mbili koo likaanza kuwasha. Feni ikileta hewa ya nje, hewa inajazana ndani na kusukuma kutoka. Ukiizungusha ndani, chumba kinaanza kunyonya kupitia kila tundu la sakafu mara gari linapokimbia. Chanzo kilikuwa nyuma ya migongo yetu, si mbele ya miguu yetu. Mtoto aliyetapika alikuwa amekaa juu yake.

Niliteremsha vioo haraka. Mwalimu akasema ameshaizoea, haisikii tena. Hilo nalo ni la kuangalia: pua huchoka. Baada ya dakika kadhaa za harufu moja inaacha kuripoti, na mtu anadhani harufu imekwisha wakati mvuke bado upo. Mvuke wa petroli ni mzito mara tatu hadi nne kuliko hewa, unatandaa sakafuni na kujaza mashimo. Unashika moto hewa ikiwa na kama asilimia 1.4 tu ya mvuke huo, na petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse Tabata saa saba mchana. Mwalimu alikuwa akiliegesha gari ndani ya banda la bati, na pembeni mwa banda hilo ndipo pa kupikia. Nilipoambiwa hivyo nilinyamaza kwanza.

Tuliporudi, niliegesha uwanjani mbali na vibanda, nikamfukuza muuza kahawa na jiko lake la mkaa, nikaweka mtungi wa unga mkavu wa kuzimia moto miguuni. Kijana wangu alikuwa amechukua taa yetu ya balbu ya kuning'iniza, nikamnyang'anya. Balbu ya moto ikianguka ikapasuka juu ya mvuke wa petroli, imekwisha hiyo. Tochi ndogo ya LED ilitosha, na jua lilikuwa bure.

Nilianza chini ya gari kabla ya kwenda kwenye siti. Tangi lililojaa huweza pia kunuka kupitia mpira wa shingo ya kujazia, ambao huchanika kwa uzee, na sikutaka kuwa fundi wa nne aliyekuja na jibu mfukoni. Nikalala chali nikaufuata mpira kwa tochi kutoka kwenye mfuniko wa kujazia hadi tangini, pamoja na mpira mwembamba wa hewa. Vumbi lilikuwa limekaa sawasawa juu yake, kavu, kama poda. Petroli ikipita mahali huosha vumbi au hulifanya kuwa tope jeusi. Vumbi lisiloguswa ni ushahidi mzuri sana. Mabomba ya kuelekea mbele nayo makavu.

Basi siti. Kiti cha nyuma cha gari hili hutoka kwa kuvutwa juu upande wa mbele, klipu mbili zinaachia. Chini yake kuna sponji nyembamba ya zulia, na chini ya sponji kuna kifuniko cha bati cha duara kinachoziba tundu la kufikia pampu. Kiwandani kifuniko hicho hubandikwa kwa gundi nyeusi inayonata kama ubani uliotafunwa, ili hewa ya chini isipande ndani. Hiki kilikuwa kimeshikizwa kwa solotepu pande mbili, na moja ilikuwa imeshaachia. Sponji ilikuwa na doa la ukubwa wa sahani.

Nilipokiinua kifuniko, harufu ilipanda kama ya jiko la mchina linapozimwa. Ndani, juu ya tangi, pampu yote inaning'inia kutoka kwenye mfuniko wa plastiki, na mfuniko huo hubanwa na bamba la chuma lenye boliti ndogo nane. Nilihesabu sita. Kati ya plastiki na tangi panatakiwa pawe na gasketi moja ya mpira, na mpira peke yake. Hapa palikuwa na mshono wa silikoni nyekundu, umevimba na kulegea kama ufizi wa mgonjwa, na upande mmoja ulikuwa umebanduka kabisa. Vumbi la juu ya tangi lilikuwa la kijivu kote isipokuwa upande huo, ambako lilikuwa jeusi na lenye kung'aa.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini kwenye mfuniko huohuo kuna pia kiungo cha bomba la presha, kile cha kubonyeza pande mbili, na fundi mwenye haraka huvunja klipu yake. Kikivuja chenyewe, doa linaweza kuwa palepale. Nilitaka kuvitenganisha.

Wachomeleaji wa matangi wana njia yao ya zamani: upande mmoja wa mshono wanapaka chokaa, upande wa pili mafuta ya taa, panapovuja, chokaa inabadilika rangi. Nikamwomba Mwalimu chaki. Alikuwa na boksi zima ndani ya mkoba, na kwa mara ya kwanza siku ile akaonekana yuko kazini. Nilifuta juu ya tangi kwa tambara kavu mpaka pakawa safi, nikasaga vipande viwili kwa upande wa spana, nikanyunyiza unga kuzunguka mfuniko wote na kuzunguka kiungo cha bomba. Kwanza nikamwambia kijana awashe injini, milango yote minne wazi, mimi nimeshika mtungi. Dakika moja. Unga kwenye kiungo ulibaki mweupe. Upande wa presha ukatoka kwenye kesi. Injini ikazimwa, vijana wawili wakashika buti wakaanza kulitikisa gari taratibu, kama linavyoyumba kwenye matuta. Mtikiso wa tano au wa sita, mstari wa kijivu ukaanza kujichora kwenye chaki, upande wa kushoto nyuma, ukakua ukawa kama mwezi mwandamo, urefu wa kidole cha shahada. Na boliti mbili zilizokosekana zilikuwa zinapakana, palepale.

Mwalimu alikuwa ameinama juu ya bega langu. "Kwa hiyo nimebadilisha sheli bure," akasema.

Sasa kwa nini silikoni? Huyo fundi wa Mei sina ugomvi naye. Namwona kama namfahamu. Pampu nyingi zinazouzwa zinakuja peke yake bila gasketi. Gasketi ya zamani, ikishakaa miaka mingi ndani ya mvuke wa petroli, inakuwa imevimba; ukiitoa, haikubali kurudi kwenye mfereji wake, inabaki ndefu kuliko duara inalotakiwa kukaa. Ni usiku, mteja yuko barabarani, duka la spea limefungwa. Anatoa tyubu ya silikoni iliyo mfukoni kwa kila fundi wa mjini. Tatizo ni kwamba silikoni ya kawaida haielewani na petroli. Inastahimili maji na oili, lakini petroli inaivimbisha na kuilegeza mpaka inabanduka. Kwa miezi sita ilikaa hewani, juu ya tangi lisilojaa, na ilionekana imefanya kazi. Siku mafuta yalipoifikia ndipo ilipoulizwa swali lake la kwanza.

Na kujaza mpaka shingoni kulizidisha. Petroli ya sheli inatoka kwenye matangi yaliyo chini ya ardhi, ya ubaridi. Gari likisimama juani, mafuta hutanuka kama sehemu moja kwa elfu kwa kila nyuzi moja ya joto. Lita 50 zikipanda nyuzi kumi zinadai nafasi ya karibu nusu lita zaidi. Nafasi ile ya hewa iliyoachwa juu ya tangi ndiyo ya kazi hiyo. Ukiongeza baada ya mkono wa pampu kujikata, unaijaza, na mafuta hayana pa kwenda ila kuegemea mfuniko.

Tangi lililojaa halifunguliwi kwa juu. Tulipunguza lita ishirini kwa pampu ya mkono kupitia shingoni, madumu yamekaa chini ardhini na si ndani ya buti, kwa sababu dumu la plastiki likijazwa juu ya kapeti linaweza kuzalisha cheche ya umeme tuli. Kijana alipendekeza kunyonya kwa mdomo, kama alivyofundishwa alikotoka. Hilo kwangu ni marufuku: tone likipita kwenye njia ya hewa, mapafu yanaungua, na hospitali hawana cha kukufanyia haraka. Mwalimu akaondoka na bodaboda, gari likalala kwangu.

Jumatatu niliipata gasketi maduka ya spea Kariakoo. Bei yake haikufika nusu ya ile kofia ya tangi aliyouziwa. Nilikata presha kwanza: nikachomoa soketi ya pampu ufunguo ukiwa umezimwa, nikawasha injini ikatumia kilichobaki kwenye bomba mpaka ikafa yenyewe, halafu nikatoa waya hasi wa betri. Nikapuliza vumbi lote kabla ya kulegeza boliti hata moja, maana kinachoanguka tangini hakitoki.

Kazi iliyokula muda ni kutoa silikoni. Bisibisi ingekwaruza mdomo wa tangi na kunitengenezea mvujo mpya, kwa hiyo nilitumia kadi ya plastiki ya zamani, nikikwangua kuelekea nje, kipande kwa kipande, nusu saa nzima. Na bado ndani kulikuwa na vilivyotangulia: kwenye soksi ya chujio chini ya pampu nilikuta punje mbili nyekundu zimenasa. Miezi michache zaidi Mwalimu angerudi na malalamiko mengine kabisa, kwamba gari linakosa nguvu mlimani, na nani angekumbuka silikoni?

Gasketi mpya niliiweka kavu, bila grisi, bila gundi, nikaipitishia kidole mfereji mzima kuhakikisha haijajikunja. Boliti mbili zilizokosekana nilizijazia kutoka kopo langu la boliti ndogo, baada ya kusafisha meno ya matundu yake. Zote nane nikazikaza kwa kuvuka, hii kisha ile inayotazamana nayo, kwa spana fupi na vidole viwili. Boliti hizi si za magurudumu; ukizikaza kwa hasira, bamba linapinda na gasketi inabanwa upande mmoja tu. Kifuniko cha bati nikakibandika kwa gundi nyeusi ya kubandikia vioo vya taa, duara zima bila kuacha mwanya.

Tukarudisha mafuta yote, tukaweka chaki mpya kabla ya kukibandika kile kifuniko, tukalitikisa gari mpaka vijana wakalalamika migongo. Chaki ikabaki nyeupe. Nikarudisha siti, nikalifunga gari, nikaliacha juani saa moja. Nilipofungua mlango, lilinuka petroli.

Sitasema sikushtuka. Kwa dakika kadhaa nilisimama pale nikiwaza mpira wa mvuke, kopo la mkaa, hata ufa kwenye tangi lenyewe. Kisha nikakumbuka lile doa la ukubwa wa sahani. Sponji ilikuwa imekunywa petroli kwa miezi mitatu. Ili nisijidanganye, nilitoa kiti na sponji, nikavipeleka nyuma ya gereji, nikalifunga gari tupu na kuliacha tena juani, safari hii saa mbili. Nilipofungua, ndani palinuka joto na plastiki, basi. Nikaenda kunusa sponji: hiyo hapo. Tuliifua kwa maji na sabuni ya unga, ikaanikwa kwenye uzio siku mbili. Haikutakata sawasawa, nikakata kipande kipya kwa fundi makochi wa mtaa wa pili.

Mwalimu alilichukua gari Alhamisi. Nilimwomba mambo mawili: mkono wa pampu ukijikata asiongeze, na gari lisilale tena karibu na jiko hata kama halinuki. La pili alinijibu kwamba jiko limeshahamishwa tangu Jumamosi ileile usiku.

Mwishoni mwa Aprili alikuja kubadilisha oili. Ilikuwa siku mbili baada ya mshahara na mshale wa geji umelala kulia kabisa. Nikamwomba ruhusa ninyanyue siti. Nilikibandua kifuniko kwa ncha ya kisu, pole pole, nikamulika. Chaki niliyoiacha mle Februari ilikuwa palepale kuzunguka bamba, kavu, nyeupe, na alama ya kidole changu juu yake.